Kiganja cha Shinroku

Kwetu Kamiike hatupigi kura. Kura ni za watu wasiojuana, ndivyo alivyopenda kusema mzee Kyuemon, mkuu wa kitongoji, na sisi wa nyumba tisa tunajuana hadi nani anakoroma na nani anajifanya amelala. Kwenye kikao chetu mtu hasemi "nakubali" wala "nakataa". Mkuu anazungumza, wanaume wanaguna, wanavuta tumbaku, wanakunywa chai ya shayiri. Kisha mkuu anainua mikono mbele ya kifua na kuvuta sauti, "Iyooo," na wote wanapiga kofi moja kwa pamoja. Paa. Likishapigwa, jambo limekwisha, na asiyelipenda alimeze.

Wanawake hatukai kikaoni, tunapita na birika. Ndiyo maana nayajua haya. Mtu mwenye birika haonekani, lakini masikio anayo.

Sasa, Tomezo ana mkono mmoja. Wa kulia aliuacha vitani China. Mtu wa namna hiyo atapigaje kofi? Tangu aliporudi amekuwa akikaa kuliani kwa mume wangu, Shinroku. Ikifika ile "Iyooo," Tomezo ananyoosha kiganja chake cha kushoto, Shinroku ananyoosha chake cha kulia, wanavikutanisha. Paa, sawia na wengine. Mara ya kwanza watu walicheka, na mzee Kyuemon akasema, "Hawa wawili tutawafanyia harusi." Baadaye hakuna aliyecheka wala kutazama, ilikuwa ni kawaida tu. Walikua pamoja wale, wakaitwa vitani siku moja, na Shinroku ndiye aliyembeba mwenzake mgongoni mpaka kwa daktari. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Tomezo vidole vyake vingine vilikuwa kwa Shinroku.

Kwa kofi moja kama hilo, lililopigwa na watu wawili, ilifika siku mmoja akawa anakwenda jela na mwingine anarudi kwa mama yake. Hilo ndilo ninalotaka kusimulia. Naona haya kulisimulia, ila nikikaa nalo litanioza tumboni.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Mkoa wetu wa Sanuki hauna mito ya maana, tunaishi kwa mabwawa, na mwaka ule bwawa letu kubwa lilibaki matope na kambare. Maji kidogo yaliyokuwapo yaligawiwa kwa vijiti vya udi, kama walivyofanya babu zetu: kijiti kikiwashwa, mlango wa mfereji wako unafunguliwa, kikiisha kuungua, unafungwa, zamu ya mwingine. Vijiti alivitunza mzee Kyuemon. Na vijiti vya zamu yake mwenyewe vilikuwa vinene kidogo. Tulijua sote. Tulikuwa tunavitazama vikiungua polepole, tunakohoa, basi.

Hanji, jirani yetu wa juu kule kilimani, ndiye aliyekwenda kuumwaga mtama penye kuku wengi. Alikuja ofisa wa wilaya kukagua ukame, na Hanji akamwambia mbele ya watu, "Bwana, ukitaka kujua maji yanakwenda wapi, pima vijiti vya mkuu wetu." Ofisa akacheka akidhani ni utani. Sisi hatukucheka.

Usiniulize kama Hanji alisema uongo. Alisema kweli tupu. Lakini kwetu kosa la kuiba maji ni dogo kuliko kosa la kulisema mbele ya mgeni. Kikao kikakaa, kofi likapigwa, Hanji akatengwa.

Kutengwa kwetu ni hivi: humwamkii mtu, humuuzii, humwazimi jembe, humwiti kwenye harusi. Yanabaki mambo mawili tu, moto na maziko. Nyumba yake ikiungua tutazima, akifa tutamzika. Mengine yote hayupo. Na mkewe hayupo pia. Mkewe ni Ito, yule aliyenizalisha binti yangu usiku ambao mkunga alikuwa ng'ambo ya kilima. Nilikutana naye kisimani asubuhi iliyofuata. Aliniambia, "Masu, umeamkaje?" Mimi nikainama kuangalia ndoo yangu kana kwamba ina tundu.

Hanji hakuomba msamaha, na wala hakufa njaa. Alikuwa na kibwawa chake, alichochimba baba yake, chenye chemchemi ndogo chini. Mpunga wetu ulikuwa unapasuka midomo, wake uko kijani. Ukipita barabarani huwezi kuacha kuuona, upo pale juu, kijani. Hilo lilituuma kuliko ya vijiti.

Kikao cha pili kilikaa mchana wa siku ya mapumziko, nyumbani kwa mzee Kyuemon. Nilikuwa na birika, nimesimama nyuma ya Shinroku. Mzee alizungumza habari za tambiko la mvua, za panya, za bei ya mbolea. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Nimelitazama tuta la bwawa la Hanji. Bovu lile."

Wanaume wakaguna.

"Tuta bovu," akasema, "huwa linaanguka lenyewe."

"Likianguka, mzee, maji yatakwenda wapi?" akauliza mmoja, na majibu yake alikuwa nayo mdomoni.

"Maji yana akili gani? Yatashuka. Yatauona mfereji wetu, yataingia." Baadhi wakacheka puani. Mzee akamtazama mwanawe Katsuo, aliyekaa mlangoni na binamu yake. "Vijana wa siku hizi wana nguvu, majembe yanachakaa bila kazi. Sijamtuma mtu mimi. Nasema tu kwamba likianguka, sidhani Kamiike kuna atakayelia. Au yupo?"

Hakuna aliyesema yupo. Nilikuwa naona masikio ya Shinroku kwa nyuma. Yalikuwa mekundu, na mimi nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba masikio yake yakiwa mekundu jambo halimpendezi. Nikasubiri aseme kitu. Alikunywa chai.

"Basi kama hakuna neno," akasema mzee, akainua mikono. "Iyooo."

Paa.

Tomezo na Shinroku walilipiga lao vizuri, halikuchelewa wala kutangulia.

Katsuo na binamu yake walipanda kilimani alfajiri ya siku ya pili. Baadaye walilia wakisema walitaka kuchimba mfereji mdogo tu, maji yavuje, Hanji aamke akute bwawa limepungua ashike adabu. Lakini kweli tuta lilikuwa bovu. Liliondoka lote. Na chini ya tuta Hanji alikuwa amejijengea kibanda cha mianzi, analala humo kulinda maji yake, kwa sababu mtu aliyetengwa hana wa kumlindia. Tulimkuta asubuhi kwenye kichaka cha matete, kinywa kimejaa udongo.

Nikwambie lililofuata. Maziko hayatengwi, si nilisema? Basi wanaume wale wale waliopiga kofi walikwenda kuchimba kaburi. Walibeba jeneza. Shinroku na Tomezo walikuwa kwenye mti mmoja wa kubebea, mmoja bega la kulia mwingine la kushoto. Waliporudi, Ito aliwapikia udon, zile tambi nene za ngano, na kuwamiminia pombe ya sake, kwa kuwa ndivyo mjane anavyotakiwa kuwafanyia wachimba kaburi. Alipiga magoti mbele ya kila mmoja akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Poleni kwa taabu yenu," aliwaambia, mmoja mmoja. Mzee Kyuemon alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akasema sake ni nzuri.

Mimi nilikuwa jikoni naosha bakuli pamoja naye. Mabega yetu yalikuwa yanagusana. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, maana kazi ya maziko inaruhusiwa lakini maongezi hayajaruhusiwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na bakuli zao.

Polisi walipokuja, Katsuo alitapika yote kabla hajapewa hata maji. "Si mimi peke yangu," alisema. "Kamiike nzima ilipiga kofi."

Ndivyo wanaume wote wa kikao walivyoshtakiwa. Wenyewe hawakuelewa. Walirudi kwa dhamana wakashinda barazani kwa mzee wakiulizana, mimi sikushika jembe, wewe ulishika? Nilikuwa nimelala na mke wangu, wataninyongaje? Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwembamba wa mjini, miwani inamteleza puani, na alikuwa ameshawaeleza kwa upole kabisa: mkikaa mkakubaliana tendo liwe, basi likiwa ni lenu wote. Aliyekula njama na aliyechimba ni kitu kimoja. Hakuna aliyelala.

"Lakini tulikubaliana nini?" akalalamika mzee Kyuemon. "Mimi nilizungumzia tuta."

Wakili wetu aliitwa Nishiwaki, mtu mnene, mcheshi, anayependa kula kwa watu. Alikuja Kamiike kuwasikiliza, akawaketisha vile vile kama walivyoketi siku ile. Akaandika, akajifuta jasho, akaandika. Alipofika kwa Tomezo akaona ule mkono wa shati uliopachikwa pini begani, na macho yake yakang'aa.

"Huyu bwana," akasema, "mnasema na yeye alipiga kofi?"

Wanaume wakavuta tumbaku zao.

"Kwa kitu gani? Kwa mguu?" Akacheka peke yake. "Jamani, mwendesha mashtaka hana kitu kingine mkononi. Makubaliano yenu anayathibitisha kwa kofi. Asiyepiga hakukubali. Na huyu hawezi kupiga. Huyu namtoa, nawaambia, namtoa kama jino bovu."

Nilikuwa mlangoni na birika langu. Niliwatazama wanaume wale. Kila mmoja alijua kiganja cha Tomezo kilikuwa wapi siku ile. Tomezo mwenyewe alikuwa amefungua mdomo, anamtazama Shinroku.

"Mama yake haoni," akasema Shinroku, kwa wakili, si kwa Tomezo. "Hana mtu mwingine."

"Ni kweli, mkono hana," akasema mzee Kyuemon polepole. Na wengine wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, hana, masikini, ni kweli hana. Funika kombe mwanaharamu apite. Hata kofi halikuhitajika mara ile.

Nyumbani sikumpa Shinroku nafasi ya kuvua viatu. "Kofi lile lilikuwa la nani?"

"Langu."

"La mkono upi? Maana nilikuwa nyuma yako, mume wangu. Mkono wako wa kushoto ulikuwa gotini."

"Masu, mama yule atalishwa na nani?"

"Na mimi je?"

"Wewe una mikono miwili," akasema, "na ulimi wa kutosha kuwaazima na majirani."

Nilimrushia kitambaa cha jiko. Alikidaka, akakikunja vizuri, akakiweka chini. Ni mtu mpole, na upole wake umenichosha maisha yangu yote. Nikamwambia kama mnakwenda jela nendeni nyote mliotenda, au msiende, lakini msinigawie kofi moja nusu jela nusu nyumbani. Akasema sielewi. Nikasema naelewa sana. Mama wa watu unamwonea huruma, nikamwambia. Mume wa watu alipokuwa kibandani hukumwonea. Alikwenda kulala bila kula.

Siku ya pili nilikwenda kwa Tomezo. Nilimkuta anakanyaga unga wa udon. Ameutandika kwenye mkeka, ameufunika kitambaa, anaukanyaga kwa visigino, anaukunja kwa mkono wake mmoja, anaukanyaga tena. Udon wake ni mzuri kuliko wa wenye mikono miwili, watu wote wanasema. Mama yake alikuwa ameketi pembeni anachambua maharage kwa kupapasa.

"Karibu, shemeji," akasema Tomezo bila kusimama.

"Nani?" akauliza mama.

"Mke wa Shinroku, mama."

"Mpe udon. Shinroku ndiye mkono wetu."

Ungeliona Tomezo alivyoinamisha kichwa. Nilisogea karibu, nikashusha sauti ili bibi asisikie. "Nimekuja na swali moja tu, kaka Tomezo. Kiganja chako siku ile kilikutana na nini? Upepo?"

Akakanyaga. Akakanyaga. "Shinroku ameniambia ninyamaze."

"Shinroku alikubeba mgongoni ukiwa mgonjwa. Sasa hivi u mzima. Unataka akubebe tena?"

"Unataka niende jela, shemeji?"

"Sitaki uende. Nataka useme."

"Ni jambo lile lile."

"Basi ni lile lile," nikasema. Na nilikuwa nimekuja na maneno mengine mengi makali, nimeyapanga njiani, lakini aliinua uso na nikaona kwamba hakuna nililotaka kumwambia ambalo hajajiambia. Akasema mkono ule wa kushoto siku hizi unamwasha kiganjani, anaukuna mpaka anatoka damu. Kisha akanichemshia udon. Bibi aliniwekea vitunguu juu kwa mkono wake, akavimwaga nusu mezani. Nikala. Nilimtaka mwanawe aende jela, na nikala udon wake mpaka mwisho wa bakuli, na nikasema ni mtamu.

Kesi ilisikilizwa mjini majira ya vuli. Sisi wanawake wa Kamiike tulikaa benchi la nyuma, Ito alikaa la mbele, peke yake. Hakuna aliyekwenda kukaa naye. Majaji walikuwa watatu, wa katikati mzee mwenye sauti ya chini.

Wakili Nishiwaki alisema kofi lile ni desturi ya kufunga kikao, ni kama kusema kwaherini. Mwendesha mashtaka hakubishana naye. Alimwinua kila mshtakiwa, mmoja baada ya mwingine, akamuuliza swali lile lile. "Baada ya kofi, ulikwenda kumwonya Hanji?" Hapana. "Ulimwonya mkewe?" Hapana. "Ulimwambia Katsuo asifanye?" Hapana. "Kwa nini?" Na kila mmoja alitazama chini. Mimi kule nyuma nilikuwa najibu moyoni, na jibu langu nalo lilikuwa hapana. Mpaka leo uso unaniwaka nikikumbuka.

Ikafika zamu ya Tomezo. Wakili akasimama kama mtu anayeleta keki. "Waheshimiwa, mteja wangu huyu hana haja ya maneno. Mtazameni. Mwendesha mashtaka anasema nia yao ya pamoja imo ndani ya kofi. Naomba mwenzangu atuonyeshe jinsi mtu huyu anavyopiga kofi."

Watu wakacheka. Hata karani wa mahakama alificha mdomo. Mwendesha mashtaka alisukuma miwani yake juu, akapekua karatasi, hakupata kitu. Ilikuwa imekwisha, Tomezo alikuwa anakwenda nyumbani. Nikaona Shinroku anavuta pumzi na kuishusha.

"Mshtakiwa," akasema jaji wa katikati, "una neno la kuongeza?"

Tomezo alisimama. Alikuwa anakikuna kiganja kwa vidole vyake mwenyewe.

"Nilipiga," akasema.

Wakili akageuka. "Waheshimiwa, mteja wangu amechoka."

"Sijachoka. Nilipiga kofi. Mzee aliposema habari ya tuta nilielewa, sikuwa mlevi. Nilielewa na nikapiga."

"Kwa mkono gani?" akauliza jaji, na hakuuliza kwa dharau.

"Kwa huu. Na wa Shinroku. Tangu vita viishe napiga na Shinroku. Watu wote wa Kamiike wanajua, waulizeni."

Jaji aliwatazama wanaume wa Kamiike. Wote walikuwa wanatazama sakafu. Aliwatazama mpaka benchi la nyuma, la wanawake, na macho yake yakanifikia. Mimi niliyekwenda kumkanyagia mtu roho yake pale juu ya unga wake, nikitaka aseme. Amesema, na sasa palihitajika mtu mmoja tu wa kusimama na kusema ni kweli. Niliangalia sakafu. Nilimwona mama yake mbele ya macho yangu anamwaga vitunguu. Nilisema moyoni kwamba ni kwa ajili ya yule mama. Lakini pia niliogopa wenzangu.

"Mshtakiwa Shinroku," akasema jaji, "kaa hapo karibu naye. Kaeni kama mnavyokaa kikaoni."

Shinroku alisogea, akaketi kushoto kwa Tomezo, akaweka mikono yake magotini.

"Tuonyesheni," akasema jaji.

Tomezo alinyoosha kiganja chake cha kushoto hewani, kimekwanguliwa, kina vidonda vya kucha. Akangoja.

Shinroku hakusogea.

"Shin," akasema Tomezo kwa sauti ya utotoni. "Lete mkono."

"Mshtakiwa Shinroku, mtu huyu amewahi kupiga kofi kwa kiganja chako?"

"Hapana, mheshimiwa," akasema mume wangu. "Hajawahi."

"Wewe ulipigaje siku ile?"

"Kwa mikono yangu miwili."

"Shin, lete mkono," akasema Tomezo tena. Kile kiganja kilikuwa bado hewani. Masikio ya Shinroku yalikuwa mekundu kama siku ile, lakini mikono yake ilikaa magotini, imetulia, vidole vimepangwa vizuri. Hakumtazama mwenzake. Chumba kizima kilikuwa kinakitazama kiganja cha Tomezo, hakuna aliyecheka tena. Mwishowe askari alimshika bega akamketisha, na ule mkono ukashuka wenyewe.

Hukumu ilisomwa theluji ya kwanza ilipoonekana milimani. Mahakama ilisema palikuwa na nia moja, na kila aliyeishiriki ni mtendaji. Mzee Kyuemon na vijana wale wawili walipewa miaka mitano, wengine miwili, Shinroku akiwa kati yao. Kuhusu Tomezo walisema haikuthibitika kwamba alikubali. Maneno yake yalikuwa ya mtu aliyezidiwa na huruma kwa wenzake. Walimsifu kidogo, nadhani. Tomezo alitoka nje kwa mlango wa pembeni, na alipotoka hakumuaga mtu yeyote. Tangu hapo hakai kikaoni, na kila asubuhi nikiamka nakuta kazi ya shamba langu imeanzwa na mtu ambaye hataki nimshukuru, nami sijui nimshukuru kwa nini.

Lakini siku ile ya hukumu nilikuwa bado kwenye ngazi za mahakama. Shinroku walikuwa wamekwisha kumchukua. Walinipa vitu vyake: kofia, mwavuli, koti, na kifurushi cha chakula nilichomwandalia alfajiri ambacho hakukigusa. Wanawake wenzangu walikuwa wametangulia, wanalia kwa sauti ya kutosha kusikika. Ito alishuka ngazi nyuma yangu. Nilisikia viatu vyake vinasimama.

Hakuwa amezungumza nami tangu asubuhi ile ya kisimani. Nilijua lazima nigeuke, nikageuka. Nilikuwa tayari anitukane. Nilitamani anitukane, ningepumzika.

"Masu," akasema, taratibu, kama anayeuliza njia. "Siku ile Tomezo aliponyoosha kiganja, mimi sikumtazama yeye. Nilitazama mkono wa mumeo."

Mwavuli ulitaka kuniponyoka, nikaushika vizuri.

"Ulitulia gotini. Aliitwa, akaitwa tena, na mkono ukatulia." Akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwani. "Kumbe tangu kikaoni ulikuwa unaweza."

Akashuka, akaenda zake. Nikabaki pale ngazini, watu wanapanda na kushuka, wananitazama. Kofia na mwavuli vilikuwa mkono huu, koti na kifurushi mkono huu, na sikuwa na hata mmoja wa kujifunikia uso.